Gemu Iliyoganda Mtoni

Mimi gemu sijui kucheza, na sina mpango wa kujifunza. Nilikuwa nauza chai na chapati mlangoni kwenye banda la video la Sadala, pale Kibiti karibu na kituo cha mabasi, na yote ninayoyajua kuhusu gemu niliyapata kwa masikio, kupitia ukuta wa makuti, moshi ukiwa machoni. Hata hivyo niliijua gemu ile kuliko wanaume waliokuwa wakilipa kuingia ndani. Wao walikuwa wakitazama. Mimi nilikuwa nikisikiliza, na aliyekuwa akisema ni mume wangu.

Sadala alikuwa mtu wa soko huria. Kabla soko halijawa huria alikuwa mtu wa kuomba chumvi kwa jirani. Ilipotangazwa kwamba biashara ruksa, akaingia deltani kununua kamba, wale wa kuliwa, akawa anawapakia kwenye masanduku ya barafu na kuwapeleka Dar es Salaam. Kila akirudi, lazima sanduku moja liwe na kitu: leo jenereta, kesho televisheni, siku nyingine spika kubwa la kuwasumbua wagonjwa. Mashine ya gemu ilikuja hivyohivyo, imelala ndani ya sanduku la kamba, barafu imeshayeyuka. Mashine ilipona. Kaseti yake ya gemu ilipona nusu, na ikanuka kamba mpaka siku yake ya mwisho. Sadala aliipangusa kwa shati akatangaza kwamba Kibiti sasa tumewafikia Wazungu.

Gemu yenyewe haikuwa ya mpira wala ya ngumi. Ilikuwa ya kuwa mtu. Unakuwa kijana mwenye upanga, unatembea kijiji hadi kijiji, unaongea na kila unayemkuta, unanunua dawa, unalala nyumba ya wageni, unaua dude njiani, na wenzako wanakufuata nyuma kwa mstari kama vifaranga. Kila mtu kwenye kioo ana la kusema, na analosema linaandikwa chini. Wengine walisema maandishi yale ni Kijapani, wengine wakasema ni Kichina, na ubishi ulidumu wiki nzima kati ya watu ambao hawakujua kimojawapo. Mwishowe wakamwita Kondo, mume wangu.

Kondo ndiye aliyekuwa akitafsiri filamu za Kihindi kwenye banda lile, kwa kipaza sauti. Kihindi alichokijua kilikuwa majina mawili ya vyakula. Hilo halikumzuia. Mtu akilia kwenye kioo, Kondo alijua analilia nini; mtu akifoka, alijua anafokea nini; na kama filamu ilikuwa mbovu, ya kwake ilikuwa nzuri. Na Kijapani akakitafsiri hivyohivyo. Alijifunga kipaza sauti shingoni kwa utepe, akashika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili, akaanza. Kijana wa upanga akawa Mrisho, mzaliwa wa Mtunda, anayetafuta upanga wa babu yake. Mwenye nyumba ya wageni akawa Bi Semeni mwenye mdomo mchafu. Mfalme mwenye ndevu akawa Katibu Tarafa, na hapo watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika.

Na yule msichana wa kilemba chekundu, anayejiunga na safari kijiji cha pili, Kondo akamwita Mwanawetu. Hapo hakuna aliyecheka. Kibiti nzima ilikuwa inajua.

Mwanawetu ni binti yetu, wa pekee. Mwaka wa mvua za Elnino tulikuwa bado Mkongo, tunalima mpunga bondeni. Sisi wa Rufiji mpunga ukikaribia kuiva tunahamia shambani, tunakaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, tunafukuza ndege na nguruwe mpaka tuvune. Mto ulipopanda ghafla, Mwanawetu alikuwa dunguni na shangazi yake. Mtumbwi ukaenda kuwachukua, ukapinduka njiani. Shangazi alipatikana. Mtumbwi ulipatikana. Mwanawetu hakupatikana, si siku ile wala baadaye.

Alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikinimaliza. Ukimwita, anaitika hapohapo kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, "Naja, nimefika!" na wala hajanyanyuka. Unaweza kumwita mpaka maji yachemke yakauke, naye anakuitikia "Naja, nimefika!" kakaa palepale anasuka ukili wa mkeka. Nilimgombeza kwa hilo kila siku iliyokwenda kwa Mungu. Sasa ningetoa mikono yangu yote miwili anikere mara moja tu.

Kondo alikataa matanga. Hakuna maiti, alisema, basi hakuna msiba. Muuza samaki mmoja, Mungu amlipe anavyostahili, alimwambia kuna msichana kaokolewa huko chini, deltani. Kondo akaenda deltani, kisiwa kwa kisiwa, akarudi na homa na jina la kijiji kingine, akaenda na huko. Alipochoka kutafuta hakuchoka kungoja. Watu walipokuja kutupa pole aliwauliza, "Pole ya nini?" nao wakageuka na mchele wao vikapuni. Nikabaki na mtoto aliyekufa ambaye haruhusiwi kufa. Sikukalishwa mkekani, sikushikwa mkono, hakuna aliyekuja kulia na mimi. Tukahamia Kibiti, kila mtu akaendelea kuniita Mama Mwanawetu, na mimi nikaendelea kuitika. Nilichokuwa nakitaka duniani kilikuwa kimoja: tumkalie matanga mtoto wetu, tulie, tuyaanue, yaishe.

Badala yake nikapewa gemu.

Kaseti ile iliyokunywa maji ya kamba ilikuwa na magonjwa mawili. La kwanza, haikumbuki. Ukizima jenereta, siku nyingine unaanza upya kijijini Mtunda, hujui mtu, huna hata upanga. La pili, ina mahali ikifika inaganda. Mrisho na wenzake wanafika kwenye mto mpana, Mwanawetu anaingia kwenye mtumbwi, mwenye mtumbwi anainua kasia, na hapohapo kila kitu kinasimama. Kasia juu, maji kimya, na wimbo unabakia kwenye sauti moja kama nzi aliyenasa ndani ya chupa. Waliitoa kaseti wakaipuliza. Wakaisugua kwa spiriti, wakaianika juani, wakaipuliza tena kwa zamu, kila mmoja akiamini pumzi yake ndiyo yenye baraka. Iliganda palepale.

Mtu mwingine angeitupa. Kondo aliipenda zaidi. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri aliwaanzisha watu Mtunda, akawapitisha kwa Bi Semeni na kwa Katibu Tarafa, akawafikisha mtoni, kasia likainuka, likaganda. Kisha nilimsikia kwenye spika, sauti laini ambayo nyumbani sikuisikia tena: "Jamani, yumo mtumbwini. Mzima. Jumamosi ijayo tutajua." Na wanaume wazima, wenye wake na mashamba, wakatoka wakitikisa vichwa, wakanywa chai yangu na kujadili kama mtoto atavuka. Jumamosi iliyofuata wakarudi. Nyumbani Kondo alikula akalala. Maneno yake yote aliyaacha kwenye spika la Sadala.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mtoro, fundi baiskeli, Mmatumbi wa milimani, tuliyejuana naye tangu Mkongo, Mwanawetu akiwa hai. Sisi ni Wandengereko, na Mtoro kwetu alikuwa mtani. Mtani hana adabu nawe na hapaswi kuwa nayo: anakutukana mbele za watu nawe unacheka, na siku ya msiba wako ndiye anayekuja kumwigiza marehemu, kukamata sufuria na kugoma mpaka akombolewe. Mtani asipofanya vituko vyake, msiba unakuwa haujakaa. Mtoro alizitukana chapati zangu kila asubuhi, kwamba afadhali angezibia pancha. Lakini kuhusu Mwanawetu hakufungua mdomo hata siku moja. Msiba haukuwapo, mtani angeanzia wapi?

Basi ng'ambo ya barabara likafunguliwa banda jingine, lenye gemu ya mpira ambayo haigandi. Vijana wakaanza kuvuka barabara. Sadala, ambaye mapenzi yake kwa soko huria yalikuwa makubwa mpaka alipopata mshindani, aliitisha mkutano wa wateja. Ajenda ilikuwa moja: tuitafute tena ileile nzima, au tulete gemu mpya? Nimeona mikutano ya maji ya bomba yenye watu wachache kuliko ule.

Mpwa wake Sadala, Ismaily, alikuwa amekuja kutoka Dar na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani ya banda. Akasimama mbele.

"Wazee wangu, shikamooni. Suala lenu limeshapatiwa jibu. Kampuni yenyewe iliyotoa hiyo gemu imeitengeneza upya. Ileile, ila picha mpya, muziki mpya, maandishi ya Kiingereza. Inakuja kwenye sidii, na mashine yake ninayo."

"Subiri kwanza," akasema Haidari, kijana wa kupakia mizigo stendi. "Mie sijaelewa. Watu wana umeme, wana shule, wana kila kitu, halafu wanakaa chini kutengeneza kitu ambacho walishakitengeneza? Si watunge mpya?"

"Ya zamani ina wapenzi wake tayari, bro. Hawabahatishi."

"Kwa hiyo wamekwisha akili."

"Hawajakwisha akili, hao ni Wandengereko," akasema Mtoro. "Wanapenda cha kupasha moto. Hawa hata mke wakimwacha wanamrudia yuleyule."

Banda likacheka. Nami nilicheka huko nje, nakanda unga. Miaka ile nani alikuwa na haki ya kuwashangaa hao Wajapani? Abdalah fundi cherehani alinunua koti la mtumba la Mzungu aliyekufa zamani, akaligeuza nje ndani, akalitundika na kusema jipya. Godauni la zamani lilipakwa rangi ya bluu likaitwa supamaketi, na ndani mna sabuni ya aina moja. Basi lililotuchosha miaka kumi liliandikwa jina jingine ubavuni, likaendelea kuharibikia palepale kwenye mchanga wa Jaribu, njia ya Dar. Nchi nzima ilikuwa ya zamani iliyogeuzwa nje ndani. Gemu nayo ilikuwa imepata pa kukaa.

Kisha nikamsikia Kondo, bila kipaza sauti.

"Mpya ya nini?" akasema. "Hii haijaisha."

Sikumbuki nilivyonyanyuka. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni na kijiti cha kusukumia chapati mkononi, na wanaume wote wananitazama.

"Leteni mpya," nikasema. "Leteni yoyote. Leteni ya mbuzi kufukuzana na fisi, nitalipa mie kiingilio."

"Mama Mwanawetu," akasema mume wangu, "chapati zinaungua."

"Ziungue! Weye kila Jumamosi unampakia mtoto mtumbwini. Kila Jumamosi! Mie mwenzio alinipotea mara moja tu, Baba Mwanawetu, na hiyo mara moja hujaniachia niimalize."

Hata Ismaily alivua miwani. Kondo alitazama pedi iliyokuwa mapajani mwake, akaanza kuukunja waya wake taratibu, akaukunjua, akaukunja tena. Nikarudi kwenye chapati zangu, ambazo kwa kweli zilikuwa zimeungua.

Sadala alikuwa mfanyabiashara, kwa hiyo akaamua kama mfanyabiashara. Anayetaka ya zamani, hii ni ya zamani. Anayetaka mpya, hii ni mpya. Akaandikisha kibao kwa rangi nyekundu, akakitundika nje: GEMU YA ZAMANI MPYA KABISA, JUMAMOSI. Kwa kibao hicho angeweza kugombea ubunge.

Ile siku yenyewe, asubuhi, Kondo alinyoa ndevu. Akavaa shati lake la Idi. Alikwenda mlangoni, akarudi, akakaa, akasimama, kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni stendi na hajui basi litaingia saa ngapi.

"Ati hiyo ya sidii haigandi?" akaniuliza.

"Mie sijui. Muulize yule wa miwani."

Akafunga kifungo cha shati. "Leo niwekee chapati moja pembeni."

"Ya nani?"

Akatoka. Nilikasirika, nikajiambia siiweki ng'o. Kisha nikaipika ya kwanza kabisa, nene, yenye mafuta mengi, kama mtoto alivyokuwa akiipenda, nikaifunika kwa sahani pembeni.

Alasiri ile banda lilijaa mpaka watu wakakaa mapajani mwa watu. Jenereta likanguruma, kioo kikawaka, na Kibiti ikaiona gemu yake iliyogeuzwa nje ndani. Majani yalikuwa yanatikisika. Nywele zilikuwa zinatembea. Mrisho alikuwa na vidole.

Halafu malalamiko yakaanza.

"Mbona Mrisho kakonda hivyo?"

"Wimbo wameutoa! Wimbo wetu uko wapi?"

"Nyumba ya Bi Semeni haikuwa upande huo. Hawa walioijenga hawakuuliza wenyeji."

Ismaily alikuwa amekaa karibu na kioo akisoma Kiingereza, na kila alichosoma kilimletea uadui. Alisema kijana yule si Mrisho, jina lake ni jingine. Wakamzomea. Alisema hatafuti upanga wa babu yake, anapeleka barua ya posa ya mtu. Wakamwambia hajui kusoma. Alipofika kwa mfalme akasema huyu ni mfalme tu, mzee Sadala mwenyewe akasimama: "Kijana, huyo ni Katibu Tarafa, na usituharibie shughuli."

"Mjomba, ndivyo ilivyoandikwa!"

"Basi wameibadilisha!" akapiga kelele Haidari. "Nilisema mie! Kitu kilikuwa kizuri, wameshindwa kukiacha. Hawa wenye kampuni hawaijui kabisa hii hadithi."

Na wote wakakubaliana kwamba Wajapani wameiharibu gemu ya Kondo wa Mkongo. Nilicheka peke yangu na mvuke wa chai. Kondo tu ndiye hakuwa anasema lolote. Alikuwa anacheza kimyakimya, kipaza sauti kinaning'inia shingoni, anapita vijiji bila kuzungumza na mtu, mbio mbio. Nilijua anakwenda wapi. Msichana wa kilemba chekundu alipojiunga na safari sikusikia jina, ila nilisikia pumzi ya mume wangu kwenye spika.

"Mtoni," mtu akasema.

Nikafunika sufuria ya chai, nikaingia ndani, mara yangu ya kwanza tangu banda lile lijengwe. Mikono ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

Alikuwa amekaa mtumbwini, mikono magotini. Mto ulikuwa wa kahawia, mpana, na nitasema ukweli, hao waliouchora mto walifanya kazi yao, maana nilirudi nyuma hatua moja. Mwenye mtumbwi akainua kasia. Watu wote ndani ya banda walijikaza wakingoja ile sauti ya nzi.

Kasia likashuka. Mtumbwi ukaenda. Ukaenda katikati, maji yakiupiga ubavuni, ukaenda, ukafika. Msichana akaruka ukingoni, akageuka nyuma na kupunga mkono, na maneno yakatokea chini.

"Anasema, 'Tumevuka salama,'" Ismaily akasoma, safari hii polepole. "'Twendeni.'"

Banda likapasuka kwa shangwe. Haidari alimkumbatia mtu ambaye walikuwa hawasemezani. Watu waliruka, walipiga mabati, mmoja alikuwa analia waziwazi na kujipangusa kwa kofia yake. "Mzee Kondo! Mwana kavuka! Kavuka, mzee!"

Sasa gemu za namna ile haziendi mpaka ubonyeze. Mtu wa kwenye kioo akishasema lake anasimama anakungoja, na kijimshale kinapepesa chini ya maneno yake. Msichana alisimama ng'ambo, nywele zinacheza na upepo, anamngoja Kondo. Kondo hakubonyeza. Alimtazama. Nami nikamtazama, kwa mara ya kwanza, na sina ubaya naye, alikuwa msichana mzuri. Alikuwa mtoto wa watu.

Shangwe zikaanza kupungua zenyewe, mmoja mmoja, kila aliyeuona uso wa Kondo akinyamaza.

Akashika kipaza sauti. "Huyu siye," akasema.

"Ndiye, mzee!" akasema Haidari. "Wamembadilisha sura tu."

"Huyu kavuka." Akameza mate, na spika likatuletea sote sauti ya mate yale. "Wa kwangu hakuvuka. Mwanawetu alikufa majini, Mkongo, mwaka wa mvua. Alikufa."

Spika lile la Sadala, la kuwasumbua wagonjwa, lilipeleka maneno yale mpaka stendi. Kondo akageuza kichwa akanitafuta kwenye watu, akaniona. Alikuwa na macho ya mtu aliyeshushwa mahali asipopajua. Watu wale walikuwa wamemnyima pole kwa amri yake mwenyewe, na sasa midomo ilikuwa imesahau inaanzaje.

"Ala!" ikasema sauti nyuma. "Ala! Kumbe!"

Mtoro alikuwa anapita juu ya mabega ya watu. Akafika mbele, akamnyang'anya Kondo pedi, akaikumbatia kifuani.

"Kumbe weye Mndengereko una msiba ndani, umeufungia kabatini! Mvua ile mpaka leo! Uchoyo gani huu, jamani, mtu anamficha marehemu ili asipikie watani wali? Mie nimekula chapati za kuzibia pancha muda wote huo, nikingoja haki yangu! Hii pedi siitoi. Haitoki hapa mpaka nikombolewe kwa jogoo, na jogoo mwenyewe asiwe mgonjwa kama baba mwenye nyumba!"

Watu walishika vinywa. Ismaily wa Dar, ambaye mambo haya hakuyakuta kwenye sidii, alinyanyuka kama anataka kumpiga, Sadala akamvuta shati. Wote tulimtazama Kondo. Angeweza kuuliza tena, "Msiba gani?" na Mtoro angelazimika kurudisha pedi, kuomba radhi na kwenda zake.

Nikaona mdomo wa mume wangu unacheza.

"Huko milimani kwenu," akasema, sauti imekatika katikati, "tangu mzaliwe... hamjawahi kushiba."

Hivyo ndivyo mtani anavyojibiwa. Hapo msiba ukawa umekaa. Kilio cha kwanza kilitoka kwa wanawake waliokuwa nje ya ukuta, wauza samaki na wauza ndizi wa stendi, na kikaingia ndani kupitia makuti yaleyale waliyosikilizia maneno ya Kondo miezi yote ile. Mtu alinishika mkono. Mwingine akanishika wa pili, ukiwa na unga hivyohivyo. Mkeka ulitandikwa palepale mbele ya televisheni, nikakalishwa. Kondo akakaa upande wa wanaume, wakaja kumpa pole, na hakumuuliza mtu pole ya nini.

Mtoro alikuwa hajamaliza. Alinivua kanga mabegani, akajifunga kilemba, akaenda mlangoni akiyumbisha kiuno kidogo, mkono mmoja umeshika ukili wa hewa. Aliona sahani pembeni mwa jiko, akaifunua, akaikuta ile chapati nene. Kondo alimwona. Mtoro akaimega, akaila mbele yake, huku anasuka, na Kondo akaangalia mpaka kipande cha mwisho.

Kisha akakaa chini kizembe, miguu mbele, na nikajua anangoja nini. Watu wote waliomjua mtoto yule walijua.

"Mwanawetu!" nikaita.

"Naja, nimefika!" akaitika Mtoro, kwa sauti ileile ya kufika mtaa wa pili, na wala hakunyanyuka.

Nikacheka. Mungu ananijua, nilicheka mpaka nikashika mbavu, na wanawake walionishika wakacheka nami, na kicheko kikageuka katikati ya koo kikawa kitu kingine. Nikamwita tena. Akaitika, naja, nimefika, anasuka ukili wake. Nikamwita na kumwita, na hakuna aliyenizuia, na kila nilipomwita aliitika, na hakuja. Nilipokwisha sauti nilinyamaza. Nyuma yangu yule msichana wa watu alikuwa bado amesimama ng'ambo, kijimshale kinapepesa, mpaka Sadala alipokwenda mwenyewe kuzima jenereta.

Kisha nikanyanyuka, nikanawa unga, nikainjika sufuria kubwa, maana watani walikuwa wameshaanza kuuliza wali uko wapi.